Alianza Nani Bremerton?

Juzi tumebishana tena kwenye simu, mimi na yakhe wangu wa Mombasa, karibu saa nzima, na tulichokuwa tunabishania kilitokea Julai 1992, kwenye tamasha la muziki kule Bremerton, Marekani. Yeye anashikilia kwamba bendi ya Pearl Jam walipiga jua likiwa chini kabisa, jekundu, na sauti ya Eddie Vedder, mwimbaji wao, inaingia humo humo kwenye lile jua. Anaapa. "Yakhe, mimi lile jua naliona hadi leo, waniambia nini wewe?" Na mimi namwambia kaka, Pearl Jam siku ile walipanda wa pili, mchana kweupe, wametanguliwa na bendi ya Lush tu, watu wengine walikuwa bado wanahangaika kutafuta pa kuegesha gari. Huu ubishi una zaidi ya miaka 30. Tumebishana kwa barua, tumebishana kwa zile kadi za simu za kukwangua, kwa imeili, sasa hivi ni WhatsApp, na juzi baada ya kukata simu usingizi ukagoma kabisa, nikaamka, nikakaa jikoni nikaanza kuandika hii.

Kwa wadogo zangu ambao mlikuwa hamjazaliwa, ilikuwa hivi. Seattle ni mji wa bandari kule juu kaskazini magharibi mwa Marekani, mji wa mvua, na mwanzoni mwa miaka ya 90 muziki wa roki wa dunia nzima ukawa kama umehamia pale. Nirvana, Pearl Jam, Soundgarden, Alice in Chains, Mudhoney, wote kutoka pale au miji mingine ya jimbo lile lile, na ule muziki ukapewa jina la grunge, jina ambalo wenyewe wengi hawakulipenda. Gitaa linakwaruza kama bati linaburutwa kwenye lami, drams nzito, alafu katikati mtu mmoja anaimba taratibu kama anaongea na mama yake, na ghafla anapasua. Mimi nilifika pale Septemba 1991, nina miaka 20, begi moja na anwani ya chumba kwenye karatasi. Nevermind, ile albamu ya Nirvana yenye picha ya mtoto anaogelea, ikatoka tarehe 24 mwezi ule ule.

Sasa msinielewe kwamba nilifika nikapenda. Mimi ni mtoto wa Ilala, nimekulia kwenye dansi. Baba alikuwa mtu wa Sikinde, yaani Mlimani Park, damu, na mjomba alikuwa Msondo, na Jumapili jioni nyumbani kwetu ilikuwa ni hiyo tu, nani kampiku nani, Gurumo angekuwa huku ingekuwaje, Bichuka kaimba nini. Gitaa kwangu lilikuwa ni solo safi linalotiririka kama maji ya bomba, ridhimu imetulia, besi inatembea. Wiki ya kwanza niliposikia gitaa la hawa jamaa nilidhani redio ya mwenye nyumba imeharibika, kweli kabisa, nikasogeza ile antena.

Aliyenifungua masikio ni huyu yakhe. Nilikutana naye kituo cha basi mtaa wa chuo kikuu, mvua inanyesha, basi limetupita mbele yetu bila kusimama na nikasikia nyuma yangu mtu anasema "Lahaula!" Nikageuka. Kijana mweusi, mwembamba, shati la drafti jekundu juu ya fulana, suruali imechanika goti. Nikamwambia kaka, asalamu aleikum. Tulikumbatiana kama ndugu waliopotezana vitani, na hatukuwa tunajuana hata jina. Yeye alikuwa na mwaka mzima pale na alishakuwa mgonjwa wa hizi bendi, chumba chake kizima ni kanda na matangazo ya shoo.

Lile shati la drafti nalo lina hadithi yake. Kwetu Dar tulivaa mitumba kwa sababu ndio uwezo wetu, unaenda Manzese au Karume unachambua, unabahatika. Kufika Seattle nakuta vijana wa Kizungu wenye uwezo nao wanachambua mitumba, duka zima, kilo kwa kilo, wanatafuta yale yale mashati mazito ya wakata mbao, kwa sababu ni rahisi, yanazuia baridi na bendi zenyewe zinavaa hayo. Mwaka 1992 Novemba mbunifu Marc Jacobs akapeleka mavazi hayo jukwaani New York chini ya jina la Perry Ellis, kwa bei za ajabu, na baadaye kidogo kibarua chake pale kikaota nyasi. Lakini kwa sisi wawili lile shati lilikuwa na maana nyingine kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu nitue uwanja wa ndege nilikuwa nimevaa kama watu wote wa mji, na nguo yenyewe nilijua kuichagua kuliko wao. Naangalia mshono wa bega kwanza. Alafu kola. Alafu chini ya kwapa. Wenzangu darasani walikuwa wananiomba niende nao.

Tatizo la mwanzo lilikuwa umri. Baa zote unatakiwa uwe na miaka 21, baunsa anaangalia kitambulisho kwa tochi, hakuna kujadili. Na jiji lilikuwa na sheria yake ya 1985 kuhusu madansi ya vijana, mwandaaji anatakiwa awe na bima ya dola milioni 1 na alipie askari wa ulinzi, nani mwenye kiklabu ana hela hiyo, matokeo yake vijana wadogo walifungiwa nje ya muziki wa mji wao wenyewe. Ile sheria iliondolewa 2002, mimi tayari nina watoto. Kwa hiyo miezi ile ya kwanza yakhe anaingia ndani ya klabu ya Off Ramp, pale Eastlake, mimi nabaki uchochoroni. Lakini sikurudi nyumbani. Niligundua ukuta wa nyuma ukiweka kiganja unasikia besi, sio kwa sikio, kwa mkono, inapanda hadi kwenye kiwiko, matofali yamelowa mvua na yanatetemeka. Nimesikiliza shoo kama sita hivi kwa kiganja cha mkono. Sikuwa peke yangu pale, kulikuwa na watoto wengine wawili watatu kila mara, na hakuna aliyeongea, kila mtu na kipande chake cha ukuta.

Shoo yangu ya kwanza ya kuingia ndani kabisa ni Paramount, Alhamisi tarehe 31 Oktoba 1991. Nirvana, na kabla yao Bikini Kill na Mudhoney. Paramount ni ukumbi mkubwa wa zamani wa 1928, dari lina nakshi za dhahabu kama kasri la sultani, na chini yake maelfu ya watu wamelowa mvua wananuka sufi mbichi. Kulikuwa na kamera, walikuwa wanarekodi, kwa hiyo taa zilikuwa kali. Pembeni ya jukwaa kulikuwa na wachezaji wawili, mwanaume kavaa fulana imeandikwa msichana, mwanamke kavaa iliyoandikwa mvulana, wanacheza wao tu usiku mzima. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alitoka kimya, sweta, nywele usoni, wakaanza na wimbo wa taratibu wa watu wengine, nikamwambia yakhe sikioni mbona kapole hivi. Akaniambia, "Ngoja."

We acha tu.

Wimbo wa pili ulipoingia ile sakafu iliondoka. Sijui niseme vipi. Watu wanarukaruka na kugongana, mabega, viwiko, hakuna hasira lakini pia hakuna huruma, unapelekwa kama umeingia kwenye maji ya mkondo kule Kigamboni, ukijaribu kupinga ndio unaumia. Niliogopa kweli kweli kama dakika mbili. Alafu nikadondoka. Na nikiwa chini, naona miguu tu, nikajua leo ndio leo, mama ataletewa barua, na hapo hapo mikono, sijui ya watu wanne sijui sita, ikanishika kwapani, kwenye mkanda, kwenye shati, nikawa nimesimama tena na jamaa mmoja mrefu mwenye ndevu ananishika uso kwa mikono miwili ananiuliza uko sawa, uko sawa? Nikaitika, akaniachia, akaendelea. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mle ndani na kila mtu aliijua bila kufundishwa, akidondoka mtu, nyanyua. Kiatu changu cha kushoto ndio hakikunyanyuliwa. Lakini muziki ulipoisha na taa zikawaka, nikaona kitu ambacho nimekuja kukiona kila shoo baada ya hapo, watu wamesimama huku na huku kwenye ukumbi, jasho linatiririka, wamenyanyua viatu juu ya vichwa vyao wanauliza cha nani? Cha nani? Changu kilikuwa mkononi mwa binti mmoja mfupi wa miaka kama 15, kimekanyagwa hadi kikawa bapa. Nilikivaa miaka miwili mingine.

Tulikuwa weusi wachache sana mle ndani na sitajifanya haikuwepo. Kuna watu waliniuliza kwa upole tu kama nimepotea. Yakhe alikuwa na jibu lake, alikuwa anawauliza Jimi Hendrix kazaliwa wapi, kwa sababu Hendrix ni mtoto wa Seattle, kazaliwa pale 1942 na kaburi lake lipo Renton, nimeenda mara nyingi, watu wanaacha maua na vipigia gitaa. Na gitaa la Soundgarden lilikuwa mikononi mwa Kim Thayil, mtoto wa wazazi waliotoka Kerala kule India, ana ndevu kama shehe wa Pangani. Kumuona yule mtu jukwaani, mbele ya Wazungu elfu kumi, anapiga gitaa lile zito ambalo ukifunga macho unasikia kama kuna zumari ndani yake, ilinisaidia sana. Nilijiona na mimi nina pa kusimama.

Kuna kitu kimoja kilitokea mwanzoni mwa 1992 ambacho nikiwasimulia watu wa Dar wanacheka. Januari Nirvana wakamtoa Michael Jackson namba moja Marekani, mji mzima wa Seattle umechanganyikiwa, jamaa ambao albamu yao ya kwanza ilirekodiwa kwa dola 606 tu wamempindua mfalme. Wiki chache baadaye napokea barua ya mama, kurasa tatu nzima, habari ni moja, Michael Jackson amekuja Dar es Salaam! Februari ile kweli alikuja, akaonana na Rais Mwinyi, akaenda kuwaona watoto wa shule ya Sinza. Mama aliandika kwamba mji umesimama. Nilisoma ile barua kwenye ngazi za kule ninakoishi huku jirani wa juu amewasha Nirvana kwa sauti ya mwisho, na nakumbuka nilijisikia nipo sehemu mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili ni zangu.

Haya, Bremerton.

Lollapalooza ilikuwa tamasha linalozunguka Marekani, na 1992 kwetu lilifikia uwanja wa maonyesho wa wilaya ya Kitsap, nje ya mji wa Bremerton, ng'ambo ya maji. Jumatano tarehe 22 Julai. Unapanda pantoni kutoka Seattle, saa nzima kwenye maji. Sisi wawili tulivyoiona ile pantoni tulishindwa hata kuongea, ina mgahawa ndani, ina viti vya kulalia, madirisha makubwa, na mimi nafikiria Kigamboni na yeye anafikiria Likoni, watu na baiskeli na mbuzi na matenga ya nyanya. Nusu ya safari tulikuwa tunasimuliana Likoni na Kigamboni tu. Wenzetu wote kwenye meli ni drafti na fulana nyeusi, mtu ana gitaa bila kasha, watu wanaimba. Mimi nilikuwa nimebadilishana shifti mbili na mwenzangu wa jikoni ili nipate siku ile, nilikuwa nabeba boksi kwenye mgahawa, naosha masufuria ambayo mtu unaweza kukaa ndani.

Orodha ya siku ile siwezi kusahau kwa sababu tiketi nimeitunza na tangazo nimelitunza. Lush. Pearl Jam. Jesus and Mary Chain. Soundgarden. Ice Cube. Ministry. Na wa kufunga Red Hot Chili Peppers, ambao walitoka na helmeti zinazowaka moto, moto kabisa, vichwani. Pembeni kulikuwa na Jim Rose na watu wake wanakula vioo na kuinua vyuma kwa sehemu za mwili ambazo sitazitaja hapa. Tamasha lilipopangwa, Pearl Jam walikuwa hawajulikani sana, ndio maana wakawekwa mapema. Ila kufika Julai walikuwa wameshakuwa wakubwa kuliko karibu wote waliopanda baada yao, kwa hiyo watu walikimbia, yaani saa nane mchana vumbi limetimka, watu elfu na elfu wanakimbia kutoka kwenye magari wasiwakose. Na Vedder enzi zile alikuwa na ugonjwa wa kupanda. Anapanda nguzo za taa, anapanda mabomba ya jukwaa hadi juu kabisa, ananing'inia kwa mikono miwili kama tunda, na chini bendi inaendelea kupiga huku inamwangalia. Ukiwa chini moyo unasimama. Uwanja mzima unanyanyua mikono, si kwa kushangilia, ni kumdaka.

Ice Cube, yule wa rap, alipopanda, mimi na yakhe tuliangaliana. Baada ya mwaka mzima wa magitaa, kusikia ile besi na kuona ndugu zetu wamesimama pale mbele na uwanja ule ule wa Wazungu wenye drafti wanajua kila neno, ilinipa furaha fulani ambayo ilinikaba koo.

Kurudi ndio tatizo. Magari yalikwama kutoka uwanjani, tukatembea, tukapewa lifti nyuma ya pikapu, tukafika gatini pantoni ya mwisho imeondoka. Tukalala pale pale kwenye lami, watu kama mia hivi, tumejifunika mablanketi na makoti, watu wasiojuana wamelala mgongo kwa mgongo. Alfajiri tukapanda ya kwanza. Na hapa ndipo juzi usiku, nikiwa nimekaa jikoni na hii kalamu, kitu kikanijia ambacho kwa miaka yote hii hakikunijia. Kwenye pantoni ile ya alfajiri kulikuwa na dada mmoja, yuko juu kwenye sitaha, ana redio kaseti kubwa miguuni, na kanda aliyoweka ilikuwa ya Pearl Jam. Hakuna aliyekuwa anaongea, watu wamechoka, wamejiegemeza kwenye vyuma. Yakhe alikuwa amesimama peke yake mbele kabisa, amejifunika blanketi kama Mmasai. Meli ikakata kona, na ng'ambo kule nyuma ya majengo ya Seattle jua likaanza kutoka. Jekundu. Kubwa. Na ile sauti inaimba.

Jua lake analo kweli jamani. Ni la kuchomoza. Miaka yote nimekuwa namwambia anasema uongo.

Septemba ile ile, Jumapili tarehe 20, Pearl Jam walipiga bure pale Magnuson Park, watu kama elfu 30, na kulikuwa na meza za kuandikisha vijana kupiga kura. Walitaka kufanya mapema mwaka ule, jiji likakataa, hawakuacha. Tulikaa kwenye nyasi karibu na ziwa. Hiyo ilikuwa siku nzuri na sina zaidi ya kusema, siku nzuri hazina mengi ya kusimulia.

Nirvana walipiga nyumbani tena Januari 1994, usiku mbili, Ijumaa tarehe 7 na Jumamosi tarehe 8, ukumbi wa Seattle Center Arena. Mimi niliingia Ijumaa. Jukwaani walikuwa na yale masanamu ya malaika yanayoonyesha viungo vya ndani, mishipa na matumbo, yamesimama kila upande na mabawa yao. Yakhe alikuwa na tiketi mbili za Jumamosi na akaniomba twende tena, nikamwambia kaka nina shifti, na hawa si ni wa hapa hapa, tutawaona tena mwezi wa nne. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Ile Jumamosi ikawa shoo yao ya mwisho Marekani nzima. Mwezi wa tatu tarehe 1 wakapiga Munich, na basi.

Mwezi wa nne. Jumatano tarehe 6 Aprili ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa Kigali ikitokea kwetu, Dar es Salaam, na Rais Ntaryamira wa Burundi alikuwemo. Mjomba wangu mmoja alikuwa mwalimu Ngara, mpakani na Rwanda. Nilikuwa nalala na redio ya masafa mafupi sikioni natafuta idhaa ya Kiswahili, inakuja inapotea, inakuja inapotea, unasikia maneno matatu alafu upepo. Ijumaa tarehe 8 yakhe akanigongea mlango asubuhi, hajavaa viatu, akasema Kurt amekutwa amekufa nyumbani kwake. Nikafungua redio ya kawaida, kila stesheni ni hiyo. Nikarudi kwenye masafa mafupi, ni Kigali. Nilikaa katikati ya hizo redio mbili siku nzima.

Jumapili tukaenda Seattle Center. Maelfu ya watu wamekaa kwenye nyasi, mishumaa, maua, vijana wadogo sana wengi, wamekumbatiana vikundi vikundi. Yalikuwa ni matanga kabisa, kasoro mikeka na sufuria la chai. Ikawekwa sauti iliyorekodiwa ya mke wake, Courtney Love, anasoma ile barua aliyoacha mumewe, anasoma alafu anamgombeza, analia, anasoma tena, jinsi tu wajane wanavyofanya kwetu, wanamsema marehemu. Baadaye watoto wakaingia kwenye chemchemi kubwa ya maji na nguo zao. Nililia pale hadi yakhe akanishika, na akaniuliza, "Wamlilia Kurt au wawalilia wa nyumbani?" Sikuweza kumjibu. Tarehe 28 ya mwezi ule watu kama laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja. Barua ya mjomba ilinifikia Juni, kaandika kwa penseli, kwamba yupo salama na kwamba ameacha kuhesabu. Hadi leo nikisikia ile shoo ya Nirvana waliyoirekodi wamekaa vitini, na mishumaa na maua meupe, mimi naona barabara ya Ngara. Siombi mtu anielewe hapo.

Ngoja niseme la tiketi maana hili linaniuma. Enzi zile klabu ilikuwa dola tano, sita. Mimi muosha vyombo nilikuwa naweza kwenda mara mbili kwa wiki na bado nikatuma hela nyumbani. Pearl Jam walipokuwa wakubwa walitaka tiketi isizidi dola 20 na makato yote, wakagombana na Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, wakapeleka malalamiko wizara ya sheria ya Marekani, na tarehe 30 Juni 1994 Stone Gossard na Jeff Ament wa bendi hiyo wakaenda kukaa mbele ya kamati ya Bunge kutoa ushahidi. Wamekaa pale na mashati yao. Wakajaribu kuzunguka nchi kupiga kwenye viwanja ambavyo havifungamani na kampuni ile, ikawa tabu tupu, na Julai 1995 wizara ikafunga faili. Hawakusaidiwa na bendi nyingi na hilo mimi nalikumbuka. Mwaka juzi binti yangu alitaka kwenda shoo, sitaitaja, tiketi mbili za kukaa kule juu ambako msanii unamuona kwenye skrini tu zilikuwa bei ya kodi ya chumba changu cha 1992 kwa miezi mitatu. Nililipa. Akarudi na video 60 kwenye simu. Namuuliza nani alikuwa jirani yako, ulisimama na nani, hajui. Sio kosa lake, amekaa kwenye kiti chenye namba. Lakini mimi niliyeshikwa uso na mtu nisiyemjua anayeniuliza uko sawa, natamani naye angeshikwa.

OK Hotel, ukumbi mwingine wa shoo wa enzi zile, ilipigwa na tetemeko la Februari 2001 na haikufunguliwa tena kama ukumbi. Matangazo ya shoo kwenye nguzo za umeme, yaliyokuwa mazito kama gome la mbuyu, tabaka juu ya tabaka na pini za stepla zimeota kutu, jiji liliyapiga marufuku 1994. Moja ninalo, nililibandua usiku kwa kisu cha jikoni, na nyuma yake yametoka matatu mengine yamegandamana, hadi leo sijathubutu kuyatenganisha. Layne Staley wa Alice in Chains aliondoka 2002, tarehe 5 Aprili, tarehe ile ile aliyokufa Kurt, maana Kurt alikutwa siku tatu baadaye. Yakhe alirudi Mombasa 1999, anafanya kazi bandarini Kilindini, anaishi ng'ambo, kila siku anavuka Likoni.

Tarehe 18 Mei 2017 alinipigia simu yeye, kwake mchana kwangu usiku wa manane, analia, Chris Cornell wa Soundgarden amefariki Detroit, ametoka kupiga shoo. Mzee wa miaka karibu 50 analia kwenye foleni ya feri. Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda kule Magnuson. Pale jirani na bustani, kwenye eneo la ofisi za serikali za mambo ya hali ya hewa na bahari, kuna kazi ya msanii Douglas Hollis, minara 12 ya chuma ina mabomba kama ya kinanda cha kanisani, upepo wa ziwa ukipita yanalia. Inaitwa A Sound Garden na bendi ilichukua jina lake pale. Kuingia unaonyesha kitambulisho getini. Siku ile watu walikuwa wengi na maua mengi, upepo hakuna hata kidogo, chuma kimenyamaza.

Jana nimerudi tena, peke yangu, kwa ajili ya hii makala na kwa ajili ya lile jua. Nilikaa chini ya mnara wa tatu kama nusu saa. Mwanzo hakuna kitu, alafu maji ya ziwa yakaanza kukunjamana kule mbali, nikaona ule mkunjo unakuja, na bomba la kwanza likaanza kulia, chini, kama mtu anapuliza chupa, la pili likapokea, la tatu. Nikashika nguzo kwa kiganja. Inatetemeka, inapanda hadi kwenye kiwiko.

Nikarekodi dakika moja nikamtumia, na chini yake nikaandika, yakhe, jua lako ni la kwenye pantoni, alfajiri, yule dada na redio kaseti, ulikuwa umejifunika blanketi, nisamehe. Tiki mbili zikawa za bluu. Kimya kirefu. Alafu ikaja sauti, sekunde 40, haongei hata neno moja. Ni honi ya feri ya Likoni, na miguu ya watu wengi wanashuka.